Ng'ombe wa Sista

Mama yangu alifariki akimzaa mdogo wangu, nyumbani kwetu Nyarero, wakati watu wanapalilia wimbi. Ilikuwa miaka ya hamsini, na habari za Uhuru zilikuwa bado hazijafika vijijini kwetu. Baba alikuwa ametangulia. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na kifua kibovu, hakupona. Tukabaki watatu: bibi mzaa baba, mimi niliyekuwa binti wa kuchota maji na kuokota kuni, na kichanga kisicho na ziwa la kunyonya.

Bibi alijaribu kila alichojua. Alichovya kitambaa kwenye maziwa ya ng'ombe akamwekea mtoto mdomoni. Alimwomba jirani aliyekuwa ananyonyesha, na yule mama alikuwa tayari, ila mumewe akakataa, akisema kifo kilichoingia kwetu kisihamishiwe kwake. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba, kisha akaacha kulia. Kule kuacha kulia ndiko kulikomtisha bibi. Alfajiri akanifunga mtoto mgongoni, akachukua fimbo yake.

"Twende kwa wale wanawake," akasema.

Wale wanawake walikuwa masista wa Kikatoliki, walioishi mlimani nje kidogo ya Tarime na kulea watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Habari zao tulizisikia kama tulivyosikia habari za wachawi. Wanawake wasio na waume! Wengine walisema wanawanenepesha watoto ili wakawauze Ulaya. Bibi mwenyewe alikuwa ameyasema hayo mbele yangu.

Mlangoni tulipokewa na sista kijana, Mwafrika kama sisi, amevaa nguo nyeupe hadi miguuni na kitambaa kichwani. Bibi akaanza kukitafuta Kiswahili chake kidogo. Yule sista akamjibu kwa Kikurya, tena Kikurya chetu hasa, kana kwamba tumekutana shambani.

"Mama, nipe mtoto kwanza. Maneno baadaye."

Alimfungua mtoto mgongoni kwangu, akamweka kifuani ndani ya nguo yake apate joto, akaketi. Alimdondoshea maziwa ya vuguvugu kwa kijiko, tone kwa tone, akimpapasa koo kwa kidole. Jua lilikuwa limekwisha kupanda sana mtoto alipomeza kwa nguvu zake mwenyewe. Kisha akalia. Bibi naye akalia, na mimi nikacheka, maana sikujua lingine la kufanya.

Mtoto alipolala, bibi akauliza swali ambalo mtu wa kwetu hawezi kuondoka bila kuliuliza. "Wewe ni binti wa nani?"

Sista akamtajia jina la baba yake. Bibi akashika kichwa. Baba huyo alikuwa mzee tuliyemjua sote pale Nyarero, ambaye ng'ombe wake walijaza bonde lote la ng'ambo ya kijito chetu. Na mzee huyo alikuwa amewaambia watu kwamba binti yake huyo amekufa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwetu binti akiolewa huleta ng'ombe nyumbani, na ng'ombe hao ndio kaka yake huolea. Binti huyu alisoma kwa mapadri, akaupenda utawa, akatoroka kwenda kwa masista upande wa Mwanza. Baba yake alimfuata hadi Musoma, akakuta meli imekwisha ng'oa nanga. Kwa hasira mzee alikataa kutoa ng'ombe wengine, na kaka yake akakaa miaka bila mke, akichekwa na wenzake. Kisha sista akapangiwa kazi Tarime, karibu kabisa na nyumbani, wala hakuna mtu wa kwao aliyepanda mlima kumwona.

Mimi nilikataa kuondoka. Bibi alinivuta mkono, nikashika nguzo ya baraza. Sista akanieleza kwa upole kwamba nyumba ile ni ya watoto wachanga tu.

"Basi nitalala hapa nje," nikasema.

Mkuu wao alikuwa Mzungu mzee, mrefu, mwenye Kiswahili cha kukwaruza. Alitoka kuangalia kelele, akanitazama nilivyoikumbatia ile nguzo. "Huyu ana mikono yenye nguvu," akasema. "Na sisi tuna watoto wengi. Abaki. Asubuhi atakwenda shule, jioni atabeba."

Hivyo ndivyo nilivyopata kwetu kwa pili. Nilijifunza kusoma asubuhi, na jioni nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine kifuani. Nepi zilianikwa juu ya ua wa minyaa mpaka mlima ukaonekana umejaa kunguru weupe. Masista waliamka kusali kabla ya jogoo, na kutwa nzima walikuwa wanachemsha chupa, wanafua, wanalima viazi, wanakimbilia kilio hiki na kile. Niliwahi kumwona mmoja amesinzia amesimama, chupa mkononi, na mtoto ananyonya bila wasiwasi.

Wakati wa kukunja nepi, yule mkuu alikuwa akinisimulia walivyoanza. Walishuka melini Musoma, wakapanda lori lililokwama matopeni mara nyingi kuliko lilivyotembea, wakafikia nyumba ya nyasi. Hawakuja kulea watoto, alisema, walikuja kufundisha. Lakini siku moja mwanaume mmoja aliweka kichanga juu ya meza yao ya jikoni, akasema, "Nyinyi mmesema Mungu wenu anapenda wote, haya," akaenda zake. Mtoto huyo alipona. Akaja mwingine, kutoka Nata, na mwingine, kutoka ng'ambo ya Mto Mara karibu na Mugumu. Darasa likawa chumba cha vitanda. Baadaye walipojiunga mabinti Waafrika, ndipo watu walipoanza kupanda mlima kwa wingi, kwa sababu sasa walikuwepo wa kuwasikiliza kwa lugha zao.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa pale ndigana ilipoingia. Ugonjwa ule wa kupe uliwapukutisha ng'ombe wa masista. Walivimba tezi, wakahema kwa shida, wakalala, hawakuamka. Maziwa ya unga yalitegemewa kutoka Mwanza, lakini mvua zilikuwa zimekata barabara na malori hayakupita. Tukawapa watoto maji ya uji wa wimbi yaliyochujwa. Wale wakubwa kidogo walivumilia. Wachanga walianza kunyamaza, na mimi nilikuwa naujua ukimya ule.

Sista wetu alikwenda kanisani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka akaniita. "Mfunge mdogo wako mgongoni. Tunakwenda Nyarero."

"Kwa bibi?"

"Kwa baba yangu."

Tulimkuta mzee mlangoni mwa zizi lake, ameketi kwenye kigoda, ng'ombe wanarudi malishoni. Sista akapiga magoti mbali kidogo, akamsalimu kama binti anavyomsalimu baba yake. Mzee hakumwangalia. Alinigeukia mimi.

"Wewe mtoto, mwambie huyo uliyekuja naye kwamba binti yangu alikufa. Mimi siongei na wafu."

Nilimgeukia sista. Alikuwa amesikia, bila shaka. Hakuwa mbali hivyo.

"Mwambie mzee," sista akasema taratibu, "kwamba kila kijana wake alipoanzisha nyumba yake, alimpa ng'ombe. Na mimi nimeanzisha nyumba. Ina watoto kuliko nyumba zote za Nyarero, na leo hawana maziwa. Nimekuja kuomba kama mtoto wake anavyoomba."

"Muulize kaka yake alioa kwa ng'ombe za nani!" mzee akapaza sauti. "Muulize kama anajua kijana alivyokuwa anajificha wenzake wakioa!"

Sista aliinamisha kichwa. Safari hii hakupitia kwangu, alimwita baba kwa Kikurya. "Najua, tata. Nililia kwa ajili yake kila siku. Lakini hawa watoto ninaowalea si wa Ulaya. Ni wa hapahapa. Ni wenu."

Ng'ombe walikuwa wanatupita, harufu ya maziwa imejaa hewani, na mdogo wangu mgongoni akaanza kuguna kwa njaa na kunyoosha mkono. Mzee akamtazama.

"Huyo ni wa nani?"

Nikamtajia jina la baba. Baba alikwenda machimboni angali kijana, na jina lake halikumwambia mzee kitu. Nikamtajia jina la babu yangu.

Uso wake ukabadilika. Babu yangu alikuwa wa rika lake. Walitahiriwa siku moja, wakasimama pamoja mbele ya kisu wakiwa vijana. Na kwetu mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako, huwezi kumkana ukabaki mtu mbele za watu. Alisimama, akaja akamshika mdogo wangu kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Ana masikio yake," akasema. Kisha akaingia zizini, akatupa mgongo.

Tulisubiri. Hakutoka. Mwishowe sista akainuka, akajipangusa magoti, tukashika njia ya kurudi mlimani mikono mitupu. Alinitangulia ili nisiuone uso wake. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Tulimzika mtoto mmoja wa kike, mdogo kama kifurushi, na yule mkuu Mzungu alichimba kaburi mwenyewe.

Kisha asubuhi moja, tukiwa tunaanika nepi, tukasikia baragumu la pembe chini ya mlima. Nilidhani ni vita vya koo, nikakusanya watoto waliokuwa nje. Halafu nikasikia ng'ombe, na wanaume wanaimba.

Walipanda kwa mstari mrefu. Mbele alikuwa mzee yule, amevaa koti lake la jeshi na usinga mkononi. Nyuma yake walikuwa wazee wa rika lake, kila mmoja na ng'ombe wa maziwa, ndama akikimbia ubavuni. Vijana waliwazunguka wakiruka na kuimba. Kati yao alikuwa kaka yake sista, mtu mzima sasa, mwenye mke na watoto. Alikuwa anaswaga ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, aliyemtoa kwenye zizi lake mwenyewe. Na nyuma kabisa, akitweta na fimbo yake, alikuwa bibi yangu. Baadaye nilijua kwamba tangu aliposikia tumerudi mikono mitupu hakuwapa wale wazee usingizi. Alipita boma kwa boma akiwauliza kama rika lao limekufa lote au limebaki na wanaume.

Masista walitoka wote, mikono imejaa povu la sabuni. Sista wetu alisimama barazani hawezi kusogea. Mzee akafika mbele yake. Wimbo ukakatika. Alimtazama usoni.

"Binti yangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "zizi liko wapi?"

Sista akaonyesha kwa mkono lile banda dogo la mbao lililobaki tupu.

"Hilo?" mzee akasema. "Hilo ni la kuku. Vijana, kateni miiba!"

Hapo vigelegele vikalipuka. Bibi alianza, mama waliofuata msafara kutoka mjini Tarime wakapokea, na hata baadhi ya masista, ambao sikujua kama wanaruhusiwa. Vijana walitawanyika na mapanga. Kabla jua halijafika utosini, bibi na mama wengine walikuwa wamekwisha kamua, na sisi tunapita kitanda hadi kitanda na chupa za maziwa ya moto. Nilimnywesha mdogo wangu hadi tumbo likawa ngoma. Yule mkuu alizunguka akiwapa wazee mkono mmoja mmoja, anasema asante kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwao na kwa Kikurya alichokisikia siku hiyohiyo, machozi yanateremka bila kuyafuta. Jioni zizi jipya lilikuwa limesimama, kubwa, la duara, kama la mwanaume mwenye mali.

Tangu hapo mlima ule haukuwa tena wa wageni. Ng'ombe walizaa, na wazee walipita kuwakagua kama wanavyokagua wa kwao. Mzee yule alikuja karibu kila siku ya mnada. Alikuwa akiketi barazani na mtoto kwenye kila goti, akimweleza binti yake habari za malisho na mvua, kama watu ambao hawakuwahi kunyamaziana. Sista alipoweka nadhiri zake za daima, baba yake alikaa kiti cha mbele kanisani na koti lake lile, na kaka yake akachinja ng'ombe.

Mdogo wangu alitoka mlimani alipoweza kula ugali kama wenzake. Nilipata ruhusa shuleni nimpeleke. Bibi alikuwa ametuandalia kuku, majirani wamejaa uani. Nilitaka kumbeba tulipokaribia, akakataa, akanisukuma mkono. Aliingia Nyarero kwa miguu yake, kifua mbele, akiwasalimu wakubwa wote shikamoo kabla hawajamtambua, na uani kwetu wanawake wakasimama kumpokea.