Mnyamwezi wa Kwanza Kubebewa Mzigo

Najiat aliiona kofia kabla hajamwona mtu aliyeivaa. Ilikuwa kofia ya kaka yake Shaban, ile nyekundu yenye ukingo uliochakaa, inaingia uani juu ya kichwa kingine, siku ya tatu tangu mwenyewe azikwe. Kikombe kikamponyoka. Chai ya moto ilimmwagikia miguuni na wala hakuisikia.

Aliyeivaa alikuwa Adinani, fundi umeme, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi za reli akasahau kurudi kwao. Shingoni alikuwa na hedifoni za marehemu, na kidoleni akizungusha ufunguo wa studio. Wanawake waliokaa mkekani na Najiat walianza kucheka huku wameziba midomo kwa khanga. Hakuna aliyeshtuka ila yeye. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi mababu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata sheikh hana. Humwigiza marehemu, huchukua kitu chake mpaka kikombolewe, husema atakalo, na anayemkasirikia ndiye anayeonekana hana adabu. Najiat aliyajua hayo tangu utotoni. Alichosahau ni kwamba Adinani ndiye aliyefunga nyaya za studio yao, na fundi umeme huona mengi akiwa juu ya ngazi.

Kusahau kwenyewe si ajabu. Jumatano asubuhi Shaban alipita dukani kwa dada yake mzima wa afya, akala vitumbua vyake vitatu na kimoja cha Najiat, akapanda pikipiki kwenda Goweko kupiga muziki kwenye harusi ya mkulima wa tumbaku. Saa nane mchana simu ikaita. Shaban alikuwa ameinama kuchomeka waya wa spika, akakaa chini, akasema kichwa kinamuuma, basi. Miaka arobaini na nne. Najiat aliuliza "Shaban yupi?" mara tatu, utadhani Tabora nzima imejaa akina Shaban wanaomhusu. Tangu saa ile alikufa ganzi. Anaitikia salamu, anapokea mikono ya pole, lakini mwenyewe hayupo. Futi ya kupimia nguo aliyokuwa nayo shingoni simu ilipoita ilikuwa bado inaning'inia pale pale, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue.

Na Shaban hakuwa mtu hivi hivi. Kuanzia Ipuli mpaka stendi ya Nzega, vijana walimwita Fundi Shaba. Yeye ndiye mwenye Pazia Rekodi, lebo isiyo na mfadhili wala tajiri wa Dar es Salaam nyuma yake, iliyozaliwa mwaka 2006 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mdogo wake. Ukutani magodoro mawili ya kumeza mwangwi, mezani kompyuta iliyonunuliwa kwenye mgahawa wa intaneti uliokuwa ukifungwa, mlangoni pazia la kitenge lililoipa lebo jina. Humo ndimo Lugembe wa Puge alimorekodi "Mabega ya Babu", hip hop ya wapagazi, Kiswahili kimetiwa Kinyamwezi, wimbo uliozunguka kwenye CD za kuchoma mpaka zikakwaruzika zote.

Watu walipochoka kusikiliza wakataka kucheza, na Pazia ikawachezesha. Hapo ndipo jina lilipopaa. Kila wimbo ulikuwa na mdundo mmoja mkavu, mapigo matatu yaliyonyooka na la nne linachechemea, ta-ta-ta-kha, na ukiusikia miguu inaondoka bila ruhusa yako. Vijana wa Mwanza walijaribu kuuiga wakachemsha. Walipomuuliza Shaban anautoa wapi, alicheka tu.

Aliutoa kwenye cherehani ya dada yake. Ilikuwa cherehani nyeusi ya miguu, ya mtumba, ambayo tangu siku ya kwanza gurudumu lake la chini lilikuwa limepinda. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, Najiat aliurekodi mlio wake kwa simu, akauingiza kwenye kompyuta, akaukata kama anavyokata kitambaa, akaupanga. Shaban aliporudi akausikia, alisema, "Mdogo wangu, hii tunaitoa."

Tusiambiane uongo kwa kuwa mtu kafa. Midundo yote ya Pazia, nyimbo mia mbili na kitu, ilitoka mikononi mwa Najiat. Shaban alijua kupokea wasanii, kuwatuliza, kuwatafutia harusi na minada ya kupiga, kubonyeza kitufe cha kurekodi na kusema "noma sana." Hiyo nayo ni kazi, na aliifanya kwa moyo wake wote. Lakini mdundo hakuujua. Msanii akishaweka sauti aliambiwa arudi keshokutwa. Akitoka tu, Najiat aliweka mkasi chini akapita pazia.

Walificha kwa sababu ya baba. Mzee Uwesu, muuza vitambaa na mwalimu wa madrasa, alisema mwaka ule ule lebo ilipoanza, mbele ya wageni, wali ukiwa bado kwenye sinia: "Mwanangu wa kiume akicheza na ngoma, nitamwombea dua. Wa kike akizishika, asiniite baba." Aliyasema mara moja, yakatosha miaka kumi na minane. Kila Idi Shaban alimvuta Najiat pembeni akamwambia, "Twende leo tumwambie mzee. Nimechoka kusifiwa kwa kazi isiyo yangu." Kila Idi Najiat alimziba mdomo.

Ndiyo maana asubuhi ile ilimpata vibaya. Hitima ilikuwa imekwisha, na baba mdogo Nurdini, ambaye hupenda mambo yaishe haraka, alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Fundi kafa. Vyombo vya studio vikae vioze? Kuna kijana Shinyanga anavitaka, aje leo avibebe." Shaban hakuacha mke wala mtoto. Neno lilikuwa la Mzee Uwesu, naye alikuwa bado hajalitoa. Kwa Najiat, kusema fundi ni yeye kulikuwa kumpoteza baba siku ya tatu ya kumpoteza kaka. Kunyamaza kulikuwa kuipoteza Pazia. Alikuwa ndiyo kwanza ameinua kikombe cha chai, kofia nyekundu ikaingia.

"Shikamoo, Mzee Uwesu," alisema Adinani.

"Marahaba, mtani."

"Mtani nani? Mimi Fundi Shaba. Nimerudi, huko nilikokwenda hakuna umeme."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Adinani akapindua ndoo ikawa kompyuta, akavaa hedifoni, akavunja vidole. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akajikuna kichwa. Akala vitumbua vya hewa, kimoja, viwili, vitatu, akaiba na cha nne. Akapiga miayo, akalala juu ya ndoo, akakoroma. Wazee walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Najiat naye, Mungu amsamehe, alikaribia kucheka, maana ndivyo Shaban alivyokuwa kabisa.

Kisha Adinani akafungua jicho moja, akaita kwa sauti ya chini kuelekea upande wa wanawake: "Najiat! We Najiat! Msanii karudi. Mdundo wake uko wapi?"

Kicheko kiliendelea kidogo kwa mazoea, halafu kikakatika. Anifa, shoga yake Najiat, aligeuka kumtazama mdomo wazi.

"Nyie Wanyamwezi nyie!" Adinani alisimama juu ya ndoo. "Mababu zenu walibeba mizigo ya dunia nzima mpaka kwetu pwani. Huyu ndugu yenu ndiye Mnyamwezi wa kwanza kubebewa mzigo! Kabebewa na mwanamke, miaka yote, na jina kachukua yeye!"

"Mtani, utani una mipaka," alisema Nurdini.

"Nionyeshe ulipo mpaka, baba, niuruke." Akainua ufunguo. "Nimeuchukua huu, na sikombolewi kwa hela. Anayeutaka aje mwenyewe, alete kitu cha kazi yake."

Macho yote yalimgeukia Mzee Uwesu. Mzee alikuwa anatazama tasbihi yake, vidole vimesimama.

Najiat hakukumbuka baadaye aliinukaje. Alijikuta katikati ya wanaume, miguu imelowa chai, anaivua futi shingoni na kumwekea Adinani kiganjani. Adinani akampa ufunguo. Halafu akaivua kofia, akaifunika usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Yule naye alikuwa amefiwa na rafiki.

"Najiat," aliita Mzee Uwesu.

"Abee, baba." Alisema "baba" akitarajia kukatazwa.

"Ile cherehani nani aliinunua?"

"Wewe."

"Nani aliiangusha mlangoni siku ya kuileta, gurudumu likapinda?"

Najiat hakuwahi kulijua hilo. Siku zote aliamini ilitoka hivyo kwa muuzaji.

"Mikono hii," alisema mzee, akaiinua. "Niliona haya nikakaa kimya. Mlio ule nimeusikia kwenye harusi, kwenye mabasi, mnadani, hata nikitoka msikitini pikipiki ikipita. Nani mwingine Tabora ana cherehani inayochechemea vile?"

"Ulijua?" aliuliza Najiat.

"Tangu wimbo wa kwanza. Lakini neno nilishalitoa mbele za watu, nikashindwa kulimeza. Nikasema siku atakayokuja kuniomba, nitalifuta. Kila Idi nilikaa sebuleni nikakungoja uingie."

Kila Idi. Najiat alipigwa na butwaa hata machozi yakakataa. Kila Idi baba alikuwa sebuleni anangoja, Shaban ukumbini anamvuta mkono, na aliyekataa ni yeye. Akakaa palepale kwenye vumbi mbele ya wanaume wote.

Nurdini alikohoa. "Sasa kaka, yule kijana wa Shinyanga nimwambieje?"

"Mwambie fundi hajafa," alisema Mzee Uwesu.

Najiat alilisikia neno hilo, ufunguo umemganda mkononi, akageuza kichwa upesi kumtafuta Shaban ili amwambie.