Mapigo Niliyoyafuta katika Wimbo wa Leonsi

Nimeandika "marehemu Leonsi" mara tatu, na mara tatu nimelifuta neno la kwanza. Mkono wangu haujakubali.

Sitaandika kwamba amefariki ghafla, kwa maana si kweli. Jumamosi alipigwa marungu shambani. Jumatatu akafa.

Kwa msiomfahamu: alizaliwa Mwimbi, akawa mpiga tarumbeta na mwalimu wa kwaya yetu hapa mjini, Chanji. Mimi ni mwalimu wa shule, na katibu wa kwaya. Kazi yangu ni kunakili nota kwa mkono na kuwagawia waimbaji.

Tarumbeta alifundishwa na padre mmoja mzee, kwa muziki wa kale wa Ulaya. Baadaye alipata kanda za jazi za Wamarekani weusi, na hakupona tena.

Alikuwa akinisikilizisha kanda hizo, kisha anasimamisha redio. "Sikiliza hapo, Mwalimu. Hapo polisi wamewafungulia watu mbwa." Mimi nilisikia kelele.

"Walidai kura tu, na kukaa kiti wanachotaka ndani ya basi," aliniambia. "Wakapigwa. Wengine wakaandika jazi, wengine wakaandikia okestra nzima na kwaya. Sisi tukipigwa tunaimba nini?"

"Tunaimba Bwana utuhurumie."

"Kwa nota nzuri kabisa, bila shaka." Akacheka peke yake.

Kisha na sisi tukapigwa, miaka mingi kabla ya Jumamosi hii. Ilikuwa masika, tuko Mwimbi kwenye shamba la kwao, tunafukia majani ndani ya matuta ya mviringo kama wazee wetu walivyotufundisha. Lori la walinzi wa shamba jirani, la mwekezaji, likaja. Wakasema ardhi ile ni yao.

Dada yake, Yustina, aliinua jembe kuwaonyesha matuta ya tangu enzi za bibi yake. Rungu likaukuta mkono ukiwa bado juu.

Baba mkwe wa Leonsi, Mzee Fulgensi, alipigwa kisogoni. Aliangukia tuta kifudifudi, na mguu wake mmoja uliendelea kuchimba udongo wakati yeye amekwisha kufa.

Leonsi alipigwa mdomoni. Nilimwona akipapasa udongo, damu ikimchuruzika hadi viwikoni, akitafuta meno yake manne.

Mimi nililala katikati ya matuta, uso chini. Sikuona mengi. Nilisikia yote.

Hospitalini, midomo ikiwa imeshonwa, alininong'oneza: "Mwalimu, mfupa wa Yustina ulivunjika kwa nota ya ti. Uliisikia? Na lori lilikuwa linanguruma kwa do."

Nikamwambia apumzike.

Hakupuliza tena tarumbeta. Pumzi ilivujia kwenye pengo. Badala yake akaandika wimbo wa kwaya, tarumbeta mbili na ngoma. Kila rungu liliposhuka, sauti ya kwanza iliingia na ti, kwa nguvu, juu ya do ya besi. Sauti hizo mbili zikikaa pamoja zinakwaruzana kama chuma na jiwe. Zilikuja mara kumi na moja. Niliyahesabu mapigo hayo.

Akaniachia karatasi ninakili, akaenda Mbeya kutibiwa taya.

Nilibadilisha kila ti kuwa mi, inayopatana na do. Miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilidhani amekosea. Leo naandika ukweli: nilijua si kosa. Sikutaka kusikia tena.

Alirudi asubuhi ya misa ya mwaka mmoja wa kifo cha Mzee Fulgensi, kwaya imekwisha kujifunza nakala zangu. Akainua mikono. Pigo la kwanza likatoka tamu kama asali, mama mmoja akapiga vigelegele.

Leonsi akashusha mikono. Kwaya ikajiimbia hadi mwisho.

Nje ya kanisa aliniambia bila kupaza sauti: "Mwalimu, umewasafishia marungu."

Aliniomba mara mbili nizirudishe zile ti. Nikamjibu kwamba kanisani hatupigi kelele. Wimbo ukapendwa vile vile, hata kwenye harusi. Ulipoanza, yeye alitoka nje.

Jumamosi iliyopita alikwenda kulima mpakani pale pale. Yustina ananiambia walinzi walimpiga mpaka rungu likavunjika, ndipo wakachukua mpini wa jembe lake mwenyewe. Jumapili nilimkuta wodini, damu imegandia masikioni. Nilimwita. Hakunisikia.

Jana Editha, kiongozi wa kwaya sasa, alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Mazishini tunaimba ule wimbo wake. Unazo zile nakala?"

"Marahaba. Nimezichoma."

"Sasa tutaimbia nini, Mwalimu?"

"Nanakili upya kutoka karatasi yake, kama alivyoandika yeye. Njooni kwangu Kizwite kesho saa tisa."

"Watu watasema tumekosea."

"Waelekeze kwangu."

Leo wamekuja. Pigo la kwanza lilipotoka, Editha aliziba sikio. "Mwalimu, hii inauma."

"Tena," nikasema.

Tulipofika pigo la nne, jirani yangu, fundi wa baiskeli, aliingia mbio, spana mkononi. "Nani anapigwa humu?"

Yustina, aliyekuwa amekaa mlangoni na mkono wake uliopinda, akamsogezea kiti. Tukaendelea, la tano, la sita, mpaka la kumi na moja. Fundi alisikiliza amesimama.

Leonsi, kesho saa nane tunakuzika Mwimbi, na kutoka makaburini hadi lango la shamba lile sauti inafika. Tutaimba madirisha ya kanisa yakiwa wazi, kisha tutaimba tena kaburini.

Sikukukinga siku ile, na nilikusaliti kwenye karatasi. Safari hii sijagusa nota yako hata moja.

Lala, ndugu yangu. Tutakaopiga kelele ni sisi.