Siku Nilipomwambia Mzee Musyoka Aiombee Mashine

Kuna siku moja naikumbuka hata nikiwa naosha vyombo, mwanangu Nafula. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, msimamizi mpya wa makarani katika kampuni moja ya vipuri. Tulikuwa tunaletewa kompyuta za kwanza, na meneja akataka sherehe: tenti, soda, wageni kutoka makao makuu. Akaniteua niwe emsii, yaani mwongozaji wa sherehe, kwa sababu mdomo wangu, kama unavyojua, haujawahi kuwa na breki.

Asubuhi hiyo, kabla ya wageni kufika, aliniita ofisini akanionyesha karatasi yenye majina manne. Hao wangeachishwa kazi, kompyuta ifanye waliyokuwa wakifanya. Jina la kwanza lilikuwa la Mzee Musyoka, karani wa stoo, jirani yetu mtaani Shauri Moyo na mzee wa kanisa letu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Meneja akasema nisimwambie mtu, sherehe isije ikaharibika. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, jina la tano litakuwa langu. Nikanyamaza.

Sasa unajua sisi hatuanzi shughuli bila sala, na pale kazini mwombaji alikuwa Mzee Musyoka siku zote. Nikampa maikrofoni kwa mazoea tu, mdomo ukitangulia akili. Nikamwambia aiombee mashine. Akavua kofia, akaweka mkono juu ya kompyuta, akamshukuru Mungu kwa kutuletea msaidizi. Mimi nilifumba macho kwa woga, wala sikuwa nasali. Alipomaliza nikawaambia watu wampigie mzee makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja, nao wakapiga.

Barua ya kuachishwa kazi alipewa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Jumapili alinisubiri nje ya kanisa, nami nikatamani kuchomokea mlango wa nyuma. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kama nilijua, nikasema ndiyo.

"Kazi ni yao, Ruth, wanaweza kuichukua," akasema. "Lakini wewe ulinisimamisha mbele ya Mungu nishukuru kwa jambo unalolijua, mimi silijui. Hilo hukuliogopa?"

Alirudi kwao Machakos kabla ya Krismasi. Mimi nilibaki na kazi yangu miaka mingi, na kila nilipoitwa ofisini niliogopa kuonyeshwa karatasi nyingine. Makarani, habari ilipowafikia, waliendelea kucheka utani wangu, lakini nikiingia chumba chao cha kazi walibadilisha mazungumzo.

Juzi ulikuja hapa nyumbani kwangu Komarock ukiwa na furaha tele, ukaniambia, "Mathe, nimepewa niongoze ile event ya AI. Wakubwa wote watakuwa hapo." Nilifurahi nawe, hadi ulipoteremsha sauti ukanieleza kwamba mashine hiyo itajibu simu za wateja badala ya wasichana sita wa idara yako, na kwamba umeambiwa ukae kimya hadi sherehe iishe. Nikaweka kikombe cha chai mezani. Nilijiona mimi.

Hiyo akili bandia siijui na sitajifanya naijua. Pengine itajibu wateja vizuri kuliko binadamu. Lakini haiwezi kuketi na wale wasichana na kuwaambia ukweli huku ikiona haya. Hiyo ni kazi ya kiongozi, na kwao kiongozi ni wewe.

Kwa hivyo nenda kwa wakubwa wako kesho. Waombe hao sita waambiwe kabla ya sherehe, wapate nafasi ya kuuliza kama kuna kazi nyingine wanayoweza kufundishwa. Wakikataa, warudishie uemsii wao. Najua wanaweza kukufuta kazi wewe pia. Hilo naliogopa sana, maana una kodi ya nyumba na mtoto yuko shule, na sitakudanganya kwamba barua haiwezi kukufikia. Ila woga wa kukosa kazi huisha siku ukipata nyingine. Huu wangu wa kukutana na mtu niliyemnyamazia una miaka thelathini na saba na bado uko nami.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na wakikufungia mlango akufungulie mwingine. Na popote utakapokutana na wasichana hao, iwe sokoni Gikomba au kanisani, wakusalimie.