Mguu Uliopona kwa Simu

Simu ilipoingia, Wesley alikuwa peke yake chumbani kwao Mabela, huko Oman, mguu umepandishwa juu ya mito, na Jerusha mkewe alikuwa Al Khoudh jikoni mwa watu, akiwapikia chakula cha mchana. Laiti angekuwepo! Angemnyang'anya ile simu. Au labda asingemnyang'anya, maana hata yeye siku hizo alikuwa wa imani ile ile, na si haki kumwonea mmoja.

Sauti ilikuwa ya msichana wa kwao Kenya, laini, yenye adabu. Akajitambulisha kwamba anaitwa Phyllis, anapiga kutoka kampuni inayoshughulikia madai ya watu walioumia katika kazi za mji, na mazungumzo yanarekodiwa.

"Unaendeleaje na mguu, Bwana Wesley?"

"Nimepona."

"Umepona?"

"Kwa jina la Yesu, nimepona kabisa."

"Hakuna maumivu yoyote?"

"Hakuna, dadangu. Aliyabeba yote msalabani."

Na hapo mguu wenyewe umevimba mpaka ngozi inang'aa, na chini ya bendeji kidonda kinatoa usaha! Lakini mtu asije akamwita Wesley mwongo, nitakosana naye. Wakenya wale wanaokutana nao kila Ijumaa kuomba wana sharti moja wanalolishika kwelikweli: usikiri ugonjwa. Ukiulizwa hali, unautaja uponyaji kana kwamba umeshafika, kwa sababu neno la kinywa ndilo linaloulea. Ukisema "naumwa", umeufungulia ugonjwa mlango na kuuvutia kiti. Basi Wesley alimjibu Phyllis vile anavyomjibu kila mtu. Phyllis akamshukuru, akamtakia siku njema, akakata.

Jioni alimsimulia mkewe huku anacheka. "Leo nimemshuhudia dada wa watu mpaka akakosa la kusema."

Jerusha, sufuria mkononi, akasema, "Amina." Amina hiyo ilikuja kumtafuna moyo baadaye.

Kazi ya Wesley ilikuwa kupogoa mitende ya barabarani. Alipandishwa na kikapu cha kreni mpaka kileleni, akakata makuti makavu, akateremshwa, akahamia mti mwingine. Siku moja kikapu kiliachia ghafla, mguu wake ukabanwa kati ya chuma na chuma. Hospitali walimfunga mfupa kwa bamba la chuma, akarudi nyumbani na magongo, akashukuru. Kisha kidonda kikaanza kunuka. Daktari akasema afunguliwe tena, bamba litolewe, mfupa usafishwe, na isicheleweshwe. "Tukichelewa," alisema, "hatutakuwa na cha kusafisha. Tutakata."

Siku ya operesheni ilishapangwa. Kilichobaki ni idhini ya kampuni ya madai tu, maana bila idhini hakuna anayelipa, na ungewauza Wesley na Jerusha na vyombo vyao vyote isingefika.

Badala ya idhini, ukaja ujumbe kwenye simu. Dai limefungwa, kwa kuwa mdai mwenyewe amethibitisha kuwa amepona. Operesheni imefutwa. Tunakutakia afya njema.

Afya njema, jamani!

Jerusha aliomba ruhusa kazini akaenda kwanza baladiya, kwenye ofisi za mji, kwa sababu kofia aliyokuwa akivaa Wesley ilikuwa na nembo ya mji. Askari wa mlangoni akamwambia kwa upole kwamba madai hayako hapo tena, yalishapewa kampuni, na akamwelekeza Al Khuwair. Huko akakuta ukumbi baridi, viti safi, na nyuma ya kioo kijana mmoja anaitwa Wael, aliyemwita "mama" na kumletea maji. Hakumfokea, hakumfukuza. Afadhali angefukuzwa, angepata wa kumchukia.

"Mume wangu hajapona," Jerusha alisema. "Anaoza. Njoo nyumbani umwone kwa macho yako."

"Sisi hatutembelei, mama. Tunapiga simu." Wael akabonyeza kitu, na sauti ya Wesley ikajaa pale dirishani, imenawiri, ina furaha: nimepona kabisa. Watu waliokaa kwenye viti wakageuka. Jerusha aliona aibu akatazama sakafu.

"Hiyo ni lugha ya kanisani," akasema. "Hakuwa na maana kwamba mguu..."

"Huenda. Lakini siwezi kubishana na mgonjwa mwenyewe. Ili tulifungue, apige yeye, kwenye laini hii hii, aseme kwamba hajapona na anaumwa wapi. Maneno machache tu. Akishasema, idhini haitachelewa."

Jerusha alitoka mbio. Maneno machache tu! Alikuwa ameshafika barabarani, amesimama juani akingoja gari, ndipo ikamwingia kwamba amepewa kazi isiyowezekana.

Alirudi Al Khoudh macho mekundu. Mwenye nyumba, Bi Mahfoudha, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, alimwona akikata vitunguu ambavyo havikuhitajika. Bi Mahfoudha alikuwa amestaafu baladiya, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kupokea watu walioumia, kabla haijapewa kampuni. Alisikiliza yote, kisha akapiga ulimi.

"Hata sie, mwanangu, mgonjwa ukimuuliza hali atakwambia alhamdulillahi, na roho iko kooni. Mie sikuwa nikiuliza. Nikimtizama anavoingia mlangoni, anavokaa, nani kamshika mkono. Nikishajua ndo namuuliza, kwa adabu tu."

"Sasa mama, huko hakuna hata mmoja unayemjua?"

"Nnamjua nani, tena? Walopo sasa wana simu masikioni." Akamfuta Jerusha shavu kwa ncha ya mtandio wake. "Mwambie aseme. Mungu hamkasirikii mtu kwa kusema anaumwa."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Al Khoudh. Mabela, Wesley alimsikiliza mkewe hadi mwisho, kisha akageuzia uso ukutani.

"Unataka nikane."

"Nataka useme mguu unauma! Kwani hauumi?"

"Ukiuma nisiuseme, ndiyo imani. Usipouma ni imani gani hiyo?"

"Baba Maryanne, watakukata!"

"Kwa Maryanne walisema nini?" akauliza taratibu, na huo ndio ukuta aliokuwa akiuogopa Jerusha. Binti yao huyo, ambaye sasa yuko Kenya kwa nyanyake, alipokuwa mchanga mapafu yalijaa, na hospitali ya kwao wakawaambia wajiandae. Wesley alimpakata, akamwambia sikioni, "Umepona," akarudia mpaka sauti ikakauka, na kulipokucha mtoto akanyonya. Jerusha alikuwepo, hakuhadithiwa. Tangu hapo mtoto akipata hata mafua hapewi dawa kabla hajapigiwa baba simu. Baba husema, "Umepona," mtoto hujibu, "Amina, Baba," ndipo ameze kidonge.

"Neno lililomponya mwanangu nilikane kwa ajili ya mguu?" Wesley akasema. "Wachukue."

Jerusha alimwendea Ndugu Douglas, anayeongoza maombi yao ya Ijumaa, akamsihi amfungue mumewe kwenye sharti lile. Douglas alikuja, akaingia, ile harufu ikampokea mlangoni. Akakaa kitandani, akasema kwa kusitasita kwamba labda, kwa mambo ya ofisi, mtu anaweza kusema tu hali ilivyo, Mungu anaelewa.

Wesley akamtazama. "Ndugu, wewe ndiye ulinifundisha. Ulikuwa unatania?"

Douglas alisali sala fupi akaaga, hata chai hakunywa. Mwoga! Nasema wazi.

Homa ikapanda. Wesley alianza kuongea na watu wa kwao Kapsabet ambao hawakuwemo chumbani, kisha anazinduka, anatabasamu, anasema nimepona. Vidole vya mguu vilikuwa vimebadilika rangi. Jerusha alimpaka dawa, akambadilishia bendeji, akafunga kula, akaomba, na kila alipoomba aliishia kumlilia Mungu kwa hasira: mwambie basi wewe, maana mimi hanisikii!

Ijumaa hakwenda maombini. Alipika uji, mume akaukataa. Adhuhuri ile, mtaa umenyamaza, alifunga mlango, akachukua simu ya Wesley, akapiga ile laini, akaiweka kwenye spika juu ya mto karibu na kinywa cha mumewe. Wesley alikuwa na fahamu zake siku hiyo. Alifungua macho akamtazama mkewe, hakuelewa.

"Asante kwa kupiga, mazungumzo haya yanarekodiwa. Mimi ni Phyllis, nikusaidie vipi?"

Jerusha alikaa sakafuni kando ya kitanda, pale miguuni. Akauweka mkono juu ya bendeji. Mungu nisamehe, alisema moyoni, na akabinya.

Sauti aliyotoa Wesley haikuwa ya mtu. Jirani aligonga ukuta.

"Halo? Bwana Wesley?" Phyllis alikuwa ameshtuka. "Ni nini? Unaumwa?"

"Umesikia!" Jerusha akapiga kelele. "Si umesikia? Andika!"

"Nimesikia, mama. Nimesikia." Msichana alikuwa kama anataka kulia. "Lakini naruhusiwa kuandika alichosema mgonjwa tu. Lazima aseme mwenyewe. Bwana Wesley, umepona au hujapona?"

Wesley alikuwa anahema, jasho linamtiririka shingoni. Alimtazama mkewe, na mkewe hakuondoa mkono. Machozi yalimtoka Jerusha yakamwingia mdomoni, lakini mkono aliuacha palepale, na wote wawili walijua kwamba atabinya tena, na tena, mpaka laini ikatike.

"Jamani Mama Maryanne," Wesley akanong'ona. "Niache na neno hili moja."

"Sema."

"Hili moja tu, mke wangu."

"Sema, Wesley!"

Akafumba macho.

"Sijapona," akasema.

"Unaumwa wapi, Bwana Wesley?" Ile sauti laini ikaendelea, maana iliamriwa iendelee. "Kuna usaha? Unaweza kusimama?"

Alijibu yote. Mguu, ndiyo, usaha, ndiyo, kusimama siwezi. Kila jibu lilitoka dogo kuliko lililotangulia. Mwisho Phyllis akamshukuru, kisha akasema jambo ambalo nadhani halikuwa kwenye maagizo yake: "Pole sana, ndugu yangu."

Wael hakusema uongo. Idhini haikuchelewa, operesheni ikafanyika, bamba likatolewa, mfupa ukasafishwa. Daktari alisema mmewahi kwa bahati, huu mguu tulikuwa tunaupoteza. Jerusha alipiga magoti pale kwenye korido ya hospitali mbele ya watu, akalia kwa furaha, hakujali.

Wesley alirudi Mabela anatembea kwa gongo. Hakumgombeza mkewe, si siku ile, si baadaye. Alimshukuru kwa chakula, akamuuliza habari za kazi. Ila alipoalikwa maombini Ijumaa alisema amechoka, na Ijumaa iliyofuata hakualikwa. Akiulizwa hali hujibu kama mtu mwingine yeyote: leo nafuu, leo panauma kidogo. Jerusha akisikia hivyo hutamani kuziba masikio. Ni yeye aliyemwomba aseme hivyo, si ndiyo?

Jioni moja simu ikalia kutoka nyumbani. Ilikuwa Maryanne, sauti imekwama puani, na nyuma yake nyanyake anakazana kumwambia ameze dawa.

"Baba, nina homa. Sema."

Wesley alikuwa amekaa kitandani, mguu mzima sakafuni. Aliitazama simu mkononi mwake. Midomo ikafunguka, Jerusha akaiona. Ikafungika. Akamnyooshea mkewe simu.

"Mwambie wewe," akasema. "Neno langu nilishalikana."

Jerusha aliichukua, akajikaza. "Umepona, mwanangu," akasema kwa sauti ya juu. "Umepona."

Kule upande wa pili mtoto alikuwa bado anangoja.

"Si wewe, Mama," akasema. "Mpe Baba."