Binti wa Kwenye Mafunjo

Mama yangu alikuwa na hadithi moja ambayo hakupenda kuisimulia, na sisi watoto wake tulimwomba hiyohiyo. Zile za sungura na fisi alizitoa bila kubembelezwa, huku akipukuchua mahindi. Hii tuliipata mara chache, siku za mvua kubwa, tulipokuwa tumefungiwa ndani kwetu Buswahili na mto umepanda hadi kwenye mihogo ya jirani.

Hadithi yenyewe ni fupi. Palikuwa na mama na binti yake, wakikaa karibu na mto. Mama alipokwenda shambani alimwonya binti: "Nikirudi nitakuita. Usiitike wito wa kwanza, maana maji nayo yana sauti." Siku moja jua lilikuwa kali na binti ana njaa. Akasikia anaitwa kwa jina lake kutoka kwenye mafunjo, mara moja tu, kwa upole. Akaitika. Akaingia kwenye mafunjo. Mama aliporudi alikuta kata ya binti ya kuchotea maji imelala ukingoni. Akaanza kuita. Akaita hadi jua likatua, akaita hadi mavuno yakapita, akaita hadi sauti ikawa nyembamba kama unyasi.

"Kisha?" tulikuwa tunauliza.

"Kisha bado anaita."

Hapo mama alikuwa anainuka na kuchochea moto, hata kama moto hauhitaji kuchochewa.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi Musoma mjini. Nilipanga chumba Mukendo, na Jumapili nilifundisha watoto kanisani. Ndipo ikaja ile miaka ya foleni. Sabuni ilikuwa habari ya kuitana mlango kwa mlango. Sukari tuliionja msibani. Tulikula ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na tulimshukuru Mungu kwa huo. Shuleni nilikuwa na vitabu vya kusoma vinne kwa darasa zima, na kimoja hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho.

Karani wa kanisa akaniruhusu kutumia mashine ya kuchapa na stensili chache zilizobaki. Karatasi tulipata migongo ya fomu za zamani. Nikasema nitawaandikia watoto kitabu, na hadithi iliyonijia kwanza ilikuwa ya mama.

Niliichapa vizuri mpaka pale kata inapolala ukingoni. Hapo nikasimama. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa analala kila asubuhi kabla ya saa nne. Hakuwa mvivu, alikuwa hajala. Nilimfikiria yeye akisoma kwa kidole, neno kwa neno, hadi afike kwenye mto usiorudisha mtoto. Sikuweza. Nikaandika kwamba mama yule alipiga magoti akaomba, mafunjo yakafunguka, na binti akatoka na kata yake imejaa maji safi. Nilifurahi sana. Nilijiona kama nimeibatiza hadithi ya mama.

Watoto walikipenda kijitabu kile hadi kikararukararuka mikononi. Walinakili kwa mkono, wakapelekeana. Mwaka uliofuata wazee wa kanisa wakaomba tukiigize siku ya sherehe ya mavuno. Vijana walileta mafunjo mabichi kwa baiskeli, na watoto kumi wakayashika wakiyayumbisha: huo ndio ukawa mto wetu. Yule msichana wa dawati la mbele ndiye alicheza binti. Nilimtumia mama nauli aje kutoka Buswahili aone hadithi yake ilivyokua.

Alikaa mbele, kwenye benchi la akina mama, amevaa gauni lake la kanisani. Mchezo ulikwenda vizuri. Binti aliingia kwenye mafunjo, mama wa mchezo akaita, akaomba, mafunjo yakafunguka, binti akatoka. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Katika vigelegele vile mama yangu akainuka, akatembea polepole hadi mbele, akamshika yule msichana kidevu na kumtazama kwa muda mrefu.

"Huyu si yeye," alisema.

Kisha akatoka nje.

Watu walicheka, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Mzee mmoja wa kanisa akanipiga begani: "Mwalimu, mama yako ametuzidi wote! Mwakani mpe kazi." Mimi nilicheka nao, na mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Asubuhi yake tulikaa uani Mukendo tukichagua maharage. Nilingoja. Mama hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Ile hadithi," alisema mwisho, "ulidhani niliitoa wapi?"

"Kwa bibi, nilidhani."

"Bibi yako hakuwaga na hadithi. Alikuwaga na fimbo." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Kabla yako nilikuwa na mtoto. Wa kwanza. Nilimtuma maji, mimi nikiwa napalilia ulezi. Alipochelewa nilimwita. Mara moja. Hakuitika, nikasema anacheza na wenzake, nikarudi kwenye jembe langu. Nilitaka nimalize mstari."

Mikono yake haikuacha kuchagua.

"Mara moja tu, mwanangu. Yule wa kwenye hadithi ndiye anayeita kila siku. Mimi niliita mara moja."

Kwetu wakati ule, mtoto aliyechukuliwa na maji hakuliliwa nyumbani. Alizikwa palepale ukingoni, watu wakanawa mikono, wakarudi kimya kimya, na jina lake likaachwa hukohuko. Kulitaja uani ilikuwa kama kuyaonyesha maji njia ya kuwafikia waliobaki. Mama alikuwa na umri wa msichana alipofanyiwa hayo. Hakupiga yowe, hakuketi chini, hakuna aliyemwambia pole. Baadaye tukazaliwa sisi sita. Akatafuta mahali pa kumweka mtoto wake wa kwanza, akampatia mahali ndani ya hadithi. Nami nilikuwa nimemtoa humo na kumweka mtoto mwingine, mbele ya watu, kwa makofi.

"Nisamehe, mama," nilisema.

"Hukujua. Lakini nikuombe kitu. Mtakapoicheza tena, mwache aende. Asitoke. Nikae pale mbele nimlilie mara moja, watu wakidhani nalilia hadithi."

Nimefundishwa tangu utoto kwamba hakuna aliyepotea machoni pa Mungu, na naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimewaambia hivyo wafiwa wengi. Asubuhi ile nilikuwa na mzee anayeomba ruhusa ya kulia, na sikuona neno la kumwambia ila kwamba nitajaribu.

Ilichukua miaka. Kanisa letu halikulirudia igizo lile. Kulikuwa na mambo mengine. Mambo nchini yakaanza kulegea, biashara ikawa ruksa. Maduka yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikamwagwa chini sokoni kwa marobota, na watu waliosahau ladha ya sukari wakaanza kulalamika kwamba chai imezidi sukari. Kijitabu changu kilikuwa kimetembea peke yake. Nikasikia vijana wa kanisa moja la Bunda, kule Kabasa, wanakifanyia mazoezi, na kwamba mfanyabiashara mmoja aliyerudi safarini na kamera atauchukua mchezo wao kwenye mkanda wa video. Nikapanda basi siku ileile.

Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mcheshi mwenye watoto wengi. Nilimweleza kwamba mwisho nilioandika si wa kweli, na wa kweli ni binti asirudi.

"Shikamoo tena, mwalimu," alisema, kama vile nimeingia upya. "Unataka tumzamishe mtoto wa mtu kanisani?"

"Ndivyo hadithi ilivyo."

"Watu wa hapa wamelia kwenye foleni, wamelia misibani, juzi wamelia ng'ombe walioibwa. Nikiwaongezea kilio cha bure watanirushia viatu."

"Si mlikuwa hamna viatu?"

"Ndiyo shida ya hii ruksa, mama. Siku hizi wanavyo."

Tulicheka. Kisha nikamwambia ni kwa ajili ya mama yangu, ambaye ni mzee, na hiyo ndiyo hamu yake. Sikusema zaidi, kwa sababu haikuwa yangu kuisema. Akakuna shingo, akasema, "Haya. Kwa ajili ya bibi. Aingie asitoke."

Siku ya mchezo, alasiri baada ya ibada, nilimketisha mama mbele. Alikuwa amepungua sana. Alikuwa na leso mbili, moja mkononi na moja amefunga kiunoni, kama mtu aliyejiandaa kwa safari ya kazi. Mwenye kamera alisimama juu ya meza pembeni.

Walicheza vizuri kuliko sisi. Binti wao alikuwa mdogo, miaka saba au minane, na alipoitwa aliitika "Abee!" kwa furaha ambayo ilikata watu maini. Akaingia. Mafunjo yakajifunga. Mama wa mchezo akarudi, akaiona kata, akaanza kuita. Aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona mama yangu ameinua leso, nikasema moyoni, asante Bwana, sasa.

Ndipo mtoto mmoja nyuma, mdogo hata haonekani, akalia kwa sauti: "Mtoeni!"

Watu wakacheka kidogo. Mwingine akadakia: "Eeh, mtoeni huyo mtoto!" Na mama mmoja mnene upande wa kulia akasimama akaita kwa jina, si jina la kwenye mchezo, jina la mtoto wake mwenyewe aliyekuwa mle kwenye mafunjo, kisha akafoka: "We! Toka humo haraka, unanisikia?" Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama unaita. Wengine waliita "binti," wengine waliita majina ambayo hayakuwa ya mtu yeyote pale. Yule mtoto akatoa kichwa kwenye mafunjo, akamtazama mwalimu wa kwaya, akamtazama mama yake, akatoka mbio na kumkimbilia. Makofi hayakuisha upesi.

Mwalimu wa kwaya alinitazama kutoka jukwaani na kufungua viganja viwili. Nilimtikisia kichwa. Hakuwa na kosa.

Nilimgeukia mama. Alikuwa amesimama kama wengine. Leso zote mbili zilikuwa kavu.

"Mama, nisamehe. Niliwaambia. Walikubali kabisa."

"Waache," alisema. "Kila mmoja anamwita wa kwake."

Hakuizungumzia tena hadithi ile. Nilipokwenda likizo na kuwapeleka wanangu kwake, wakimwomba awasimulie, aliwapa sungura na fisi.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya masika. Kabla ya kwenda Buswahili kuzika nilizunguka kwanza Kabasa kwa yule mwenye kamera, nikamwomba anionyeshe mkanda. Aliwasha jenereta, akaweka mkanda kwenye deki, akaniachia kiti. Picha ilikuwa inarukaruka. Nilimwona mama kwenye kona ya chini, mgongo na nusu ya uso, amesimama katikati ya wale wote. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika, unafunguka na kufungika. Nilirudisha mkanda na kuweka sikio karibu na spika. Kelele za watu zilikuwa nyingi mno. Sikuweza kusikia anaita nani, lakini nilihesabu, na aliita zaidi ya mara moja.

Usiku wa matanga sikulala. Kulipopambazuka baba mdogo, ndugu wa baba aliyebaki, akaniita niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa kaburini, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Alinitajia mwenyewe: alizaliwa wapi, aliolewa lini, alibatizwa lini.

"Andika watoto sita."

"Walikuwa saba, baba mdogo."

Aliniangalia. "Nani alikwambia?"

"Yeye."

"Basi alikwambia wewe, hakuwaambia watu. Huyo hatajwi. Andika sita, mwalimu, usitufungulie mlango."

Niliandika sita. Simlaumu, alikuwa analinda wajukuu zake kwa namna aliyoijua, na alikuwa ameshika jembe la kuchimbia kaburi tangu alfajiri licha ya uzee wake.

Tulipofika kaburini mchungaji akaniita nisome. Nilisoma kuzaliwa, kuolewa, kubatizwa. Nilipofika kwenye mstari ule niliona namba niliyoiandika kwa mkono wangu, na nikajua kwamba nilikwisha kumbadilishia mama mwisho mara moja.

"Marehemu alijaliwa watoto saba," nilisoma. Nikawataja kwa kuanzia wa kwanza. Jina lake alinipa mama ile asubuhi ya maharage, kwa sauti ya chini, na sikuwahi kulitamka hadi siku ile. Nilisema: alichukuliwa na mto akiwa mdogo, na mama yake hakupata kumlilia.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Niliogopa.

Kisha bibi mmoja mzee sana, jirani wa ng'ambo, aliyekuwa ameketi mbali kwenye majani, akashika kichwa kwa mikono miwili na kupiga yowe. Halikuwa yowe la kumlilia mzee aliyeshiba siku zake. Lilikuwa lile kali, la mtoto. Akalitaja jina. Alikuwa analijua miaka yote. Wanawake wengine wakampokea, mmoja mmoja, hadi likaenea upande wote wa akina mama.

Mchungaji aliniashiria niendelee kusoma. Nilimwonyesha kwa mkono angoje kidogo.