Shikamoo ya Kemi

Kahawa mbivu ikianikwa juani hutoa harufu tamu yenye uchachu, na harufu hiyo mpaka leo inanichosha. Ilijaa uani kwetu Ihembe msimu ule nilipokuwa darasa la tano, mama akitandaza kahawa kwenye turubai na mdogo wangu Kemi akizipanga punje ukingoni, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukimvurugia alijigonga kichwa ukutani. Alikuwa na miaka sita na hajawahi kuniita jina langu.

Kwetu mtoto wa kike akikutana na mkubwa hupiga magoti na kusema shikamoo. Kemi hakupiga magoti wala hakusema. Alipita akitazama majani ya migomba yanavyocheza, mzee wa watu amesimama anangoja. Basi mama akanifundisha kusalimia mara mbili: napiga magoti, natoa shikamoo yangu, nainuka, napiga tena, natoa ya Kemi. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa na wazee wengi, na magoti yangu yaliota sugu. Nilichoka, jamani, nilichoka kabla ya umri wangu. Na maneno hayakuisha. Shangazi, dada yake baba, alisema waziwazi kwamba mtoto hana adabu kwa sababu mama yake hana, na asiletwe tena kwenye shughuli za ukoo. Baba akachukua jembe, akaenda zake shambani. Ndipo mama alipoanza kumfungia Kemi chumbani kila tulipotoka. Mara ya kwanza mama alifunga mlango huku analia. Baadaye alifunga bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha.

Kisha kanisani likatolewa tangazo la matembezi mjini Kayanga kwa ajili ya watoto wenye usonji. Neno hilo hatukulijua. Mchungaji akaeleza: watoto wasiokutazama usoni, wasioitika wakiitwa, wanaopanga vitu kutwa nzima. Mama aligeuka akanitazama.

"Tutaenda," aliniambia tukirudi nyumbani. "Na huko nako wakitucheka, Koku, mimi nimeishiwa. Atakaa ndani."

Tulipanda bodaboda moja, Kemi katikati yetu. Kayanga tulikuta fulana nyeupe, mabango na tarumbeta. Tarumbeta zilipolia tu, Kemi akaziba masikio, akajitupa barabarani akipiga mayowe. Nilijikunyata nikingoja yale macho tuliyoyazoea. Hayakuja. Watu walitupisha, na mwanamume mmoja akakimbilia mbele kuwaambia wapigaji wanyamaze. Wakanyamaza. Msafara ukaendelea bila muziki, miguu tu ikisikika.

Aliyebaki kando yetu ni bibi mmoja aliyetoka kijiji cha Mabira, amemshika mkono mjukuu wake, kijana mwenye ndevu aliyekuwa akitafuna kola ya fulana. Nikapiga magoti kwenye changarawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikainuka, nikapiga magoti tena. Akanishika bega kabla sijafungua mdomo.

"Hiyo nyingine ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Yeye hasalimii."

"Waitu, jamani! Na huyu wangu hajanisalimia tangu azaliwe," alisema, akanivuta juu. "Inuka, mwanangu, pumzika. Hapa hatudaiani shikamoo."

Mama akakaa chini palepale barabarani, karibu na Kemi, akalia kwa sauti. Bibi akakaa naye. Wengine wa nyuma wakasimama kutungoja, na hakuna aliyeuliza kuna nini.

Siwezi kusema kwamba siku ile ilitupumzisha. Shangazi hakubadilika. Kemi sasa ni mtu mzima, bado hasemi, na kwa kuwa mgongo wa mama umekwisha, mimi ndiye ninayemwogesha na kumvalisha. Lakini jioni ile mama aling'oa komeo la chumba kile, na halijarudi. Akina mama tuliokutana nao, wengine wa mbali huko Nyakatuntu, hupigiana simu wakizidiwa. Siku nyingine mmoja analia tu, mwenzake anasikiliza.

Wiki iliyopita nilikutana na mzee jirani yetu njiani, nikiwa peke yangu. Nilipiga magoti, nikasalimia, nikainuka, na kwa mazoea nikapiga tena. Aliitikia ya kwanza, akaitikia na ya pili.

"Na Kemi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko uani," nikamwambia. "Anaanika kahawa."