Kiganja cha Dada

Dada yangu wa tumbo moja ana viganja vikubwa kuliko vya mwanamume yeyote ninayemjua. Simsemi kwa kusikia. Utotoni nilivijua kwa shavu langu mwenyewe. Ni muuguzi wa kliniki ya ngozi, nami ni karani wa mafaili hapohapo. Meza yangu imetazamana na mlango wake, kwa hiyo kila anachofanya nakiona, na asichotaka nikione nakiona zaidi.

Kazi yake ni kupima ukurutu. Wakubwa wanafanya utafiti wa dawa mpya ya kupaka, na kila mgonjwa hupimwa kabla na baada: ukurutu wake unafunikwa na viganja vingapi? Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake huhesabiwa kuwa sehemu moja katika mia ya ngozi ya mtu. Hakuna mashine wala umeme. Unaweka mkono, unahesabu, unaandika. Hesabu ikishuka hadi nusu, mgonjwa anaandikwa amefanikiwa, anaachishwa dawa, anaagwa.

Dada ameweka mkono huo miaka kumi na mmoja. Mwenzake chumbani ni muuguzi mfupi tunayemwita Punje, bwana mpole mwenye vidole vya kutungia shanga. Mgonjwa hupimwa na yeyote aliye na nafasi.

Aliyempa Dada sifa ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Alikuja na viganja kumi na vinne. Miezi mitatu baadaye, saba! Dada alitoka chumbani akicheza, akamkumbatia mfagizi, ndoo ya maji ikapinduka. Nyumbani tulisimuliwa habari za fundi asubuhi, mchana na jioni, mpaka shemeji akaanza kuhamishia sahani yake uani.

Sasa, utafiti huo unafanyika katika kliniki sita, na ikagundulika kwamba kila kliniki inapima kivyake. Wengine viganja, wengine macho tu, na moja, nakuapia, ilikuwa inahesabu mgonjwa amejikuna mara ngapi akiwa kwenye benchi. Ukiyaweka matokeo pamoja, hayasalimiani. Ikaamuliwa wote tupime kwa namna moja, na akatumwa mama mmoja mkaguzi, miwani ikining'inia kwenye kamba, aje atufundishe.

"Anifundishe mimi?" Dada alifura. "Mimi, kupima?"

Mkaguzi hakubishana naye. Alimlaza kitandani mwalimu mmoja mstaafu mwenye ukurutu, akaagiza Punje ampime, halafu Dada, kila mmoja peke yake. Punje akaandika vinane. Dada akaandika vinne.

"Mzee wangu," mkaguzi akamuuliza mwalimu, "hapo katikati umepona?"

"Hata shati sijavaa, mama."

"Haya. Nyinyi wawili, mnapima kwa kiganja cha nani?"

Wakanyoosha mikono juu wote wawili kama watoto wa darasa la kwanza. Kiganja cha Punje kingeweza kulala ndani ya cha Dada na kujigeuza.

"Ni kiganja cha mgonjwa," mkaguzi akasema polepole. "Cha mgonjwa mwenyewe. Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa kwanza."

Ukurasa wa kwanza, nakiri, niliuchana mimi zamani nikafunikia glasi yangu ya chai. Nikainamia mafaili.

Dada hakukubali. Mkono ni mkono, alisema. Basi mkaguzi akawaambia wapime meza. Punje akapata thelathini na vinane, Dada kumi na tisa.

"Hongera, meza imepona," nikasema.

Alinikata jicho, lakini mimi mwenyewe kicheko kilinikauka, maana nilimkumbuka fundi. Nikavuta faili lake. Kumi na vinne: sahihi ya Punje. Saba: sahihi ya Dada. Nililiweka mbele ya Dada. Alisoma mara mbili, akakaa, na ile mikono mikubwa akaipakata kama mizigo ya mtu mwingine.

"Aliyeachishwa dawa kimakosa anaweza kurudishwa," mkaguzi akasema, "ila apimwe upya leo. Orodha naifunga saa kumi."

Ilikuwa saa tisa. Dada akachukua fomu, akatoka na kandambili za wodini, nami nyuma.

"Kama nimemwachisha mtu dawa bado anaumwa," alisema njiani, akihema, "sijui nitamtazamaje usoni." Sikumtania. Niliona aibu, na nilimhurumia sana.

Tulimkuta fundi amesimama mlangoni pa duka, akijisugua mgongo kwenye fremu ya mlango kwa bidii kuliko anavyoshona.

"Karibu, nesi! Karibu sana!" akasema, bado anajisugua.

Dada akamwomba kiganja chake. Mgongoni hakifiki, kwa hiyo fundi akakilaza kwenye karatasi ya kukatia mitindo, akakichora kwa chaki, akakata kwa mkasi, kwa ustadi kabisa, hata akauliza kama tunataka cha pili. Dada akaihamisha ile karatasi mgongoni, mikononi, shingoni, akihesabu kwa sauti. Kumi.

Akaandika kumi, akanikabidhi fomu nikimbie nayo. Nilikimbia, na orodha niliikuta bado wazi. Lakini kabla sijavuka kizingiti cha duka niliwasikia.

"Hujapona, fundi," Dada akasema. "Nilikosea. Nisamehe."

"Najua sijapona."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipocheza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, nesi," fundi akasema. "Na ulikuwa umefurahi mno, nikaona haya kukuharibia."